Jiwe na Mtoto Wake

Jumapili, saa tatu asubuhi, Doralise Lafortine alifungua mlango wa jikoni akalikuta jiwe lake la kusagia kizingitini. Lilikuwa limelowa. Chaza wadogo walikuwa wameganda ubavuni, na ile kona iliyomeguka mwaka alioolewa ilikuwa bado imemeguka.

"Umechelewa," alisema, akaenda kutafuta kisu cha kubandulia chaza.

Jiwe hilo alikuwa ameliacha kisiwani Peros miaka ishirini na tano nyuma, visiwa vyao vilipotwaliwa kwa sababu ya kambi ya wanajeshi. Melini kila nyumba iliruhusiwa sanduku moja. Katika haraka ile Doralise alichukua mchi wa jiwe, ule wa mviringo ambao watu wa kwao huuita mtoto, akalisahau jiwe lenyewe, ambalo ni mama. Wenzake walimcheka njia nzima hadi Port Louis. Aliacha pia kaburi la binti yake Noela, aliyefariki akiwa bado ananyonya. Kwa hilo hakuna aliyecheka.

Mkwewe Gislène, mzaliwa wa Port Louis, alitoka na kikombe cha chai.

"Limekuja lenyewe, Mama?"

"Ulitaka lipande ndege?"

"Basi lioshwe. Sabuni ipo."

"Sabuni kwenye jiwe! Si ajabu, wewe ndiye unayetia nanaa kwenye satini ya nazi. Hebu kaa kando."

Alipouleta mchi, ukamponyoka mikononi, ukabingirika mpaka kwenye shimo la jiwe, ukatulia. Doralise alisubiri kidogo, kwa adabu. Kisha akasaga nazi iliyokaangwa, pilipili na chumvi, ile chatne ambayo watu wa kwao huiita satini. Miaka yote hiyo alikuwa akisagia mawe ya kuazima, na satini haikumkubali. Siku hiyo ilimkubali. Mezani palikuwa na wali, dengu na samaki, lakini samaki alipoa. Watu walikula wali kwa satini. Gislène aliongeza mara tatu na hakutaja nanaa.

"Nashukuru kwa kuja," Doralise aliliambia jiwe. Chini yake lilikuwa limeshika mchanga mweupe wa makaburini. Hakuufuta.

Jumatatu alikwenda ofisi ya vibali vya safari kuomba ruhusa ya kufika Peros siku moja tu, afagie kaburi.

"Ni mbali mno, bibi," alisema karani. "Hakufikiki."

"Jiwe langu limefika jana kutoka huko. Limepita chini ya bahari."

Karani alichukua kalamu. "Lina kibali?"

"Halina."

"Lina ndugu hapa?"

"Lina mtoto."

Karani alifikiri. Alikuwa mtu mwema, naye alikuwa na watoto. "Basi litakaa. Sheria haimtengi mama na mtoto wake." Akagonga muhuri.

"Ahsante sana, baba," alisema Doralise, na alimaanisha. "Na mimi?"

"Wewe, bibi, mtoto wako yuko kule."

"Ndiyo. Ndiyo maana naomba."

"Kule haturuhusu mtu," alisema karani, akagonga muhuri wa pili.

Doralise alirudi nyumbani akasaga satini ya jioni. Kijiko cha kwanza alikiweka pembeni mwa kisahani kidogo, kama anavyowekewa mtoto anayeanza kuonja. Walipokwisha kula aliulaza mchi juu ya jiwe, akavifunika vyote viwili kwa kanga moja.