Chafya Katika Karatasi

Mume wangu Assumani anaogopa vitu visivyotisha. Nyoka anamuua kwa jembe bila kuita mtu, lakini alipoziona waya za mashine ya moyo, katika hospitali moja ndogo karibu na Kasongo, aligoma kabisa. Tulikuwa tumetembea siku nne kutoka Lusangi, yeye miguu imevimba, pumzi inamkatika kila kilima, na kikapu chote kichwani mwangu.

"Weye lala kwanza, Mama Asani," aliniambia. "Kama hawakuumizi weye, na miye nitalala."

Muuguzi Raphaël akacheka, akakubali. Nikalala. Akanipaka maji ya chumvi, akanifunga waya mikononi na miguuni, kalamu ikaanza kuchora vilima kwenye karatasi. Harufu ya spiriti ikanipanda puani, nikapiga chafya, na kalamu nayo ikaruka, ikachafua karatasi katikati. Raphaël akasema haidhuru, karatasi yangu haina kazi, ataitupa. Kisha Assumani akalala, kimya kama gogo.

Asubuhi daktari Mzungu alituita. Alishika karatasi moja, akasoma jina la Assumani juu yake. Alizungumza Kifaransa kwa muda mrefu, Raphaël akafasiri akiangalia chini. Vilima hivi ni vipana mno, moyo wa namna hii umechoka. Mwaka mmoja, labda miwili. Mwenyewe asilime tena pamba ya lazima ya Bula Matari, serikali ya Wazungu, atapewa cheti cha kumwondolea kazi hiyo. Asibebe mzigo, na anywe dawa kila siku.

Daktari akaweka kidole katikati ya karatasi, akauliza hapa mgonjwa alifanya nini. Raphaël akasema labda alitikisika.

Nikaitazama. Sijui kusoma, lakini chafya yangu naijua. Raphaël alikuwa ametupa karatasi ya mume wangu na kuacha yangu.

Nilichanganyikiwa. Mimi huyu, ninayepanda vilima na kikapu? Miguu yangu haijavimba. Ni kweli tangu mvua zianze nachoka, lakini nani hachoki? Labda mashine ilikosea. Labda Assumani naye alipiga chafya nikiwa nimegeuka. Lakini sikuwa nimegeuka. Nilimkasirikia Raphaël, nikaikasirikia na pua yangu. Nikafungua mdomo niseme. Ndipo nikakiona cheti mezani, mhuri umekwisha kupigwa. Mwaka uliopita Assumani alianguka mara mbili katika shamba la pamba, na kapita, msimamizi wa shamba, akamwinua kwa fimbo. Nikisema, watakichana. Nikafunga mdomo.

Nje, Assumani alilia bila kujificha.

"Miye nikikufa, usibakie peke yako, Mama Asani. Weye ungali na nguvu."

Sikujua nicheke au nifanye nini. Nikalia. Akadhani namlilia yeye, akanipapasa bega, na huruma yake ikaniuma zaidi.

Raphaël akatoka kutuaga. Akamkumbusha Assumani asibebe kitu, hata jembe. Kisha akainama, akakiinua kikapu kwa mikono miwili, akanitwika.

"Uangalie muzee vizuri, mama," akaniambia. "Moyo yake haiwezi tena mizigo."

Nikasema ndiyo. Kilima cha kwanza kilianza palepale nyuma ya hospitali.