Ngozi ya Makochi Kwenye Kona

Begi la safari lilikuwa limeshashushwa kutoka juu ya kabati, na hilo ndilo lililomnyima usingizi Mama Kochi. Lilikaa tupu mlangoni mwa chumba cha binti yake, zipu wazi, na kila alipolipita akienda kusali aliliona kama mdomo unaosubiri kulishwa.

Mambo yalikuwa hivi. Kampuni moja ya vitabu vya kusikiliza ilimtaka binti asome vitabu kwa sauti, ajirekodi mwenyewe nyumbani, awatumie. Alituma sampuli ya kwanza, wakamjibu kwa maneno machache: sauti nzuri, chumba kibaya, kinavuma kama pipa. Wakampa nafasi ya mwisho mpaka Ijumaa. Ikishindikana, ilikuwepo kazi ya ghala katika mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na wenye ghala walikuwa wanamngoja. Mama Kochi hakusema usiende. Hata kwenye sala aliona haya kuomba waziwazi. Alimwambia Mungu kwamba Yeye anajua, akanyamaza, akamwachia amalizie mwenyewe.

Chumba chenyewe cha kurekodia kilikuwa karakana ya marehemu mumewe, fundi makochi, ambaye kazi yake ndiyo iliyompa mjane huyu jina lake la mtaani. Harufu ya gundi ilikuwa bado imeshika kuta. Binti alikifagia, akaingiza meza, kompyuta, maiki na spika mbili, kisha akasimama katikati akapiga kofi moja. Kofi likajibu ting'-ting'-ting', likikimbizana baina ya kuta mpaka likachoka lenyewe.

"Umemsikia, Mama? Huyo ndiye mgomvi wangu wa kwanza. Wa pili ni besi, ule mvumo mzito wa chini, na huyo ana kiburi zaidi."

Jirani yao, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Kipaza kwa sababu akikohoa kwake watu wa nyumba ya tatu humwambia pole, aliposikia habari hizo alileta trei za mayai. Aliapa kwamba mpwa wake alizibandika ukutani akarekodi nyimbo mpaka akaingia redioni. Binti alizipokea kwa adabu zote, na mgeni alipoondoka akamwambia mama yake kwamba trei zile zingefaa sana kama wangekuwa na kuku.

Siku hiyohiyo Mama Kochi alimsikia akiongea na seremala kwenye simu. Aliagiza fremu za kutundika ukutani, halafu akataka na mitego, mmoja kila kona, mirefu toka sakafuni mpaka karibu na dari. Moyo wa mama ulimruka. Panya ndani ya nyumba yake, yeye anayedeki asubuhi na jioni! Tena panya wa namna gani hao, wa kutegewa mtego mrefu kuliko mtu? Hakutaka kumuaibisha mtoto kwa maswali. Alifagia kona zote upya, akaweka kipande cha mkate katika kila moja ili mitego ikifika ikute kazi imeshaanza, na kwa bahati mbaya akamnong'oneza Kipaza.

Binti alipoikuta mikate ile alicheka mpaka akakaa chini. Alipoacha kucheka, alimshika mama yake mkono akamsimamisha katikati ya chumba, akapiga kwenye spika noti moja nzito, ya chini kabisa. Mama alisikia mvumo mdogo tu. Kisha akamwambia atembee taratibu kuelekea kona. Kadiri alivyokaribia, ule mvumo ulizidi kunenepa, na alipoingiza kichwa pembeni kabisa ukamngurumia masikioni mpaka mbavuni, kana kwamba lori lilikuwa limeegeshwa ndani ya ukuta.

"Kumbe inakimbilia kwenye kona, kama vumbi," alisema.

"Kama vumbi hasa. Ndiyo hiyo besi ninayoitegea mitego, Mama. Panya hawamo."

Tangu hapo Mama Kochi alimtazama binti yake kwa jicho jingine. Alikuwa amezoea kumwona akiwa na vidubwasha masikioni, akadhani ni mambo ya vijana. Sasa aliona kazi. Fremu na mitego vilipokuja, binti alivijaza sufi ya mawe, ile inayofungwa kwenye mabomba ya moto viwandani, akiwa amejifunga kitambaa puani na glavu mikononi. Alikaa kwenye kiti chake cha kusomea, akamwomba mama atelezeshe kioo ukutani, polepole, kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa. Pale alipoiona spika ndani ya kioo alisema hapo, na mama akaweka alama ya chaki. Pale ndipo sauti inapogonga na kumrudia msikilizaji, na pale ndipo paneli, yaani fremu yenye sufi, itakapokaa. Wakafanya hivyo ukuta wa kulia, wa kushoto, na darini kwa taabu, mama juu ya stuli na kioo juu ya kichwa. Alikumbuka marehemu naye hakuwahi kupima kiti bila kwanza kumkalisha mwenye kiti. Damu haipotei njia, akawaza, na fahari ikamjaa kifuani asijue aiweke wapi.

Paneli za ukutani walizivalisha kitambaa chepesi, wakazitundika zikiachana kidogo na ukuta. Binti akapiga kofi, na kofi likafa palepale. Lakini alipojirekodi na kujisikiliza, uso ulimshuka. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayesoma amejifunika blanketi, na chini yake besi ilivuma vilevile. Akasema huenda mitego ya kona itasaidia besi, ila ikiongezeka sufi nyingine iliyo wazi, sauti itazidi kuzimika. Tena kitambaa cha kuivalisha hakikutosha. Kesho yake, Alhamisi, akatoka asubuhi kwenda kutafuta kingine.

Mama Kochi akabaki na mitego minne iliyo uchi na kesho moja iliyobaki. Chini ya meza ya karakana lilikuwepo robota la ngozi ya bandia, rangi ya damu ya mzee, ambayo marehemu aliinunua ili avalishe makochi ya sebuleni kwake mwenyewe. Makochi ya wateja hayakumpa nafasi, na baadaye maradhi hayakumpa pia. Ilikuwa ngozi nzuri, inafutika, haichakai. Alikuwa ameitunza miaka yote bila kujua anaitunzia nini, na sasa alijua. Akapiga moyo konde, akaikata. Akaivuta kama alivyomwona mumewe akiivuta, kutoka katikati kwenda pembeni, akakunja kila kona kama bahasha, akagonga pini. Alipomaliza aliisimamisha mitego yote kwenye kona zake, imeng'aa kama viti vya bwana harusi, akatoa sala fupi ya shukrani.

Binti alirudi mikono mitupu, maana alichokiona dukani kilikuwa hakifai. Aliangalia kona moja, akaangalia ya pili. Akainama mbele ya mtego, akaipuliza ile ngozi, pumzi ikamrudia usoni.

"Sema tu, mwanangu."

Alisema, kwa upole mwingi. Kitambaa cha kazi hii lazima kipumue, ukikipuliza pumzi itoke upande wa pili. Ngozi haipitishi pumzi, na sauti ikiigonga hurudi ilikotoka. Mama Kochi alikitazama kidole chake kilichotobolewa na pini. Akasema basi waibandue, na akainama kutafuta koleo.

"Ngoja, Mama. Ngoja kwanza."

Binti alikuwa ameweka kiganja juu ya ile ngozi. Akaigonga kwa kidole, nayo ikajibu du, kama ngoma ndogo. Akaigonga tena, jicho likiwa mbali. Kisha akaiwasha ile noti nzito akamwambia mama aende kwenye kona yake ya juzi.

Mama alienda. Akaingiza sikio karibu na ngozi, akangoja lori. Lori halikuja. Alichosikia ni mnong'ono, na chini ya vidole ngozi ilikuwa inatetemeka kidogo kidogo, kama ubavu wa mnyama anayepumua.

Binti alikaa kwenye maiki, akasoma ukurasa mmoja, akarudia kuusikiliza. Akavua vidubwasha akamvisha mama. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekaa naye mezani, hai, karibu, kila neno na makali yake. Ndipo akamweleza alichokigundua: besi ni nzito, huisukuma ngozi ikatetemeka, ikamezwa na sufi iliyo nyuma, na zile sauti nyembamba hudunda zikarudi chumbani, zilezile ambazo paneli za ukutani zilikuwa zimekula kupita kiasi. Alikuwa amesoma mahali kuhusu mitego ya namna hiyo, ila hakuwa ameifikiria.

"Ungeniuliza ningekukataza," alisema.

"Ndiyo maana sikuuliza," akajibu mama, na huo ulikuwa uongo mdogo ambao alijua atasamehewa.

Sampuli ilikwenda Ijumaa. Majibu yalikuja Jumatatu, mama akichambua maharage. Binti alisimama mlangoni akasoma kwenye simu kwa sauti ileile ya vitabu: "Chumba kimenyamaza. Anza kazi." Mama Kochi alisema asante, hakusema kwa nani, akaendelea kutoa mawe kwenye maharage ingawa hayakuonekana vizuri.

Jioni Kipaza alikuja kuuliza kama panya wamenaswa. Akaingizwa chumbani akaone mitego. Alifungua mdomo kusifia, sauti yake ikatoka ndogo, ya kufika nyumba ya kwanza tu, naye akashtuka akashika koo. Binti ilibidi atoke nje akacheke.

Begi lilirudi juu ya kabati. Mama Kochi hakuliona lilivyopanda. Aliitwa karakanani, ambako binti alikuwa amekaa kwenye kile kiti kikuukuu, akijisogeza na kusikiliza kinavyolia.

"Mama, kiti hiki nacho kinataka kusoma kitabu. Ile ngozi imebaki?"

Ilikuwa imebaki. Akamwambia akae vizuri, mgongo sawa, asitikisike, akaenda kutafuta futi ya marehemu.