Faneli Nne na Kofia Moja

"Nimechoka, Baba," Fusae alisema, gari lao la mizigo lilipokuwa linaukaribia uwanja wa mashindano wa Suzuka alfajiri ile. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anavyosema mvua inanyesha, na mvua kweli ilikuwa inanyesha.

Ryuzo, mumewe, alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho barabarani. Akaitikia kwa kichwa. "Mm. Itakatika kabla ya mchana."

Haya, jibu ndilo hilo. Mtu unasema umechoka, unajibiwa habari za mawingu. Fusae hakukasirika, hasira nayo inataka nguvu. Alijua kwamba mumewe ameona midomo ikicheza pembeni ya jicho lake, akakisia swali, akalijibu swali alilokisia. Mara nyingi hukisia vizuri. Asubuhi hii alikosa.

Kitamori Ryuzo alikuwa fundi wa injini za mashindano, za aina ile ya zamani isiyo na tabo ya kuisukumia hewa, inayovuta pumzi yake yenyewe. Juu ya injini ya namna hiyo husimama faneli za alumini, moja kwa kila silinda, midomo imekunjwa kwa nje kama maua ya boga. Mdomo ukikunjwa vizuri, hewa huteremka bila kujigonga. "Hewa ni mgeni," Ryuzo alipenda kusema. "Mgeni apokewe, asigongwe kizingiti." Na kweli, hewa ikipokewa vizuri huimba. Nyimbo hizo ndizo alizozisikiliza ujana wake wote, kichwa kimeinama juu ya faneli, bila pamba wala chochote masikioni, maana fundi aliyeziba masikio alionekana anacheza. Nyimbo ni tamu, lakini zilimla masikio yote mawili.

Nani alijua? Fusae peke yake. Ryuzo mwenyewe hakuwahi kukiri. Kwake yeye watu wa siku hizi ndio wanaonung'unika, redio za siku hizi ndizo mbovu. Tangu masikio yaanze kuondoka, neno "sikusikia" halikuwahi kumtoka mdomoni hata mara moja. Alisema "mm", akatazama uso wako, akabahatisha.

Angekuwa mwashi au mpishi, yasingekuwa makubwa. Lakini Daktari Wakatsuki, yule daktari wa meno wa mji wa Tsu mwenye gari walilokuwa wanalihudumia, alishasema mbele za watu: "Bolti hata mimi nitakaza, Fundi. Ninachofuata kwako ni sikio." Alikuwa anasifu, masikini. Hakujua anachokisifu kimeshazikwa. Fusae alielewa siku ileile kwamba jambo hili likijulikana, mumewe hatashika tena injini ya mtu, na Ryuzo bila injini alikuwa hajui kukaa hata kwenye kiti.

Basi ikawapo kofia.

Hawakuwahi kukaa kitako wakalizungumza. Mwaka fulani, injini ilipowashwa, Fusae alisikia valvu inagonga, akavua kofia kwa mshtuko. Ryuzo akamwona, akazima. Msimu uliofuata ilikuwa tayari ni sheria: Fusae husimama penye ukuta wa sehemu ya matengenezo, kando ya njia, mbele ya macho ya mumewe, kofia nyeupe kichwani. Injini ikiwa nzima, kofia inakaa. Ikiwa na kasoro, kofia inavuliwa. Ryuzo husikiliza kwa macho, kisha humwinulia dereva kidole gumba, na watu husema, ah, sikio la mzee Kitamori!

Kazi yenyewe ni nyepesi, kuvaa kofia na kuvua. Lakini ukitoka hapo kuna karakana ya kufagia, kuna kumpokelea mume simu, kuna kujibu maswali kabla mume hajaulizwa, na usiku kuna mama mkwe anayeamka kutaka kwenda sokoni. Usiku wa jana alikuwa ameamka na kuvaa viatu kabisa. Ndiyo maana Fusae alifika Suzuka akiwa hoi.

Mvua ilikatika kweli, na njia ikaanza kukauka. Hapo ndipo Daktari, kofia ya chuma imeshamkaa kichwani na amejibana ndani ya gari, alipoanza kupunga mikono.

"Fundi! Inakauka! Weka fupi!"

Ryuzo alikuwa ameinama upande wa pili. Midomo ya Daktari ilikuwa imefunikwa, hakuna cha kusoma. "Mm," alisema. "Ndiyo, ndiyo."

"Ndiyo nini? Muda unakwisha!"

Fusae akazunguka gari, akasimama mbele ya mumewe, akasema kwa midomo mipana: "Anataka faneli fupi, Baba. Njia inakauka."

"Si ndiyo nimesema ndiyo?" Ryuzo akajibu kwa ukali, akaenda kuchukua kisanduku.

Ombi lilikuwa la maana. Faneli ndefu huipa injini nguvu ya kuvuta kutoka chini, nzuri kwa njia yenye utelezi. Fupi huiacha ikimbie juu, kwenye nyoofu ndefu, pale ambapo upepo unaoingia kwenye pua ya gari hujaa kwenye sanduku la hewa linalofunika faneli na kuisukumia injini pumzi ya bure. Daktari alitaka nyoofu. Fusae alitaka kukaa tu. Palikuwa na kiti cha kukunja penye ukuta, mahali pake pa siku zote. Akasema moyoni, nitakaa mpaka wawashe. Akakaa. Usingizi ukamchukua hapohapo, ameketi wima, kofia kichwani.

Yaliyotokea alipolala aliyajua baadaye. Ryuzo alifungua sanduku la hewa, akabadilisha faneli, na kama kawaida akaziba midomo yote minne kwa vitambaa vyekundu ili skrubu isije ikadondokea ndani. Vitambaa hivyo vilishonwa kwenye uzi mmoja. Ukivuta kimoja vinakuja vyote, huna haja ya kuhesabu wala kutazama. Ryuzo akakaza skrubu zake, akavuta uzi kwa mkupuo mmoja, akausokomeza mfukoni mwa aproni, akafunga sanduku. Hakutazama. Uzi ule haukuwahi kuacha kitu nyuma.

Lakini uzi ulikuwa umelika. Fusae aliuona wiki ile alipokuwa anafua, akasema, kesho nitaushona.

Injini ndiyo iliyomwamsha. Iliwaka kwa kishindo, na kabla hajafumbua macho Fusae alikuwa ameshajua. Pa-pa-pa, kimya. Pa-pa-pa, kimya. Inamisi! Silinda moja haifanyi kazi. Akafumbua macho. Ryuzo alikuwa ameshatazama kiti, ameshaona kofia nyeupe imetulia kichwani, ameshainua kidole gumba. Na Daktari angeshtuka kwa lipi? Injini ya mashindano ikiwa baridi hukohoa hata ikiwa nzima, na sikio la mzee limesema twende. Gari likaanza kusogea.

Fusae akaing'oa kofia, akaipunga. Ryuzo alikuwa amempa mgongo, analisindikiza gari kwa macho.

"Baba!" akapiga kelele. "Baba!"

Jamani, anamwita nani?

Kwa muda wa pumzi moja aliwaza jambo baya, na tusimfiche. Aliwaza kuacha. Injini ikifa, itakuwa imekufa tu. Injini hufa kila siku, watasema bahati mbaya. Mumewe atabaki na jina lake. Akiisimamisha sasa, ataulizwa mbele za watu: wewe umejuaje, naye hakujua? Kisha akaona mfuko wa aproni ya Ryuzo. Uzi ulikuwa unaning'inia nje na vitambaa vitatu tu, na penye cha nne palikuwa na mwisho wa uzi uliokatika.

Alikimbia. Mwanamke mwenye umri wake, viatu vya mpira, magoti yanayolia kila ngazi, alikatiza njia ya magari akasimama mbele ya gari la Daktari, mikono imetanuliwa. Filimbi zikalia. Gari likafunga breki likaja kusimama karibu na tumbo lake.

"Zima! Zima!"

Daktari akazima, akainua kioo cha kofia. "Mama! Umepatwa na nini? Unataka kufa?"

"Inamisi, Daktari. Kuna kitambaa ndani."

"Inamisi wapi? Fundi ameisikiliza mwenyewe, kaniambia iko sawa!"

"Hakuisikiliza."

"Nimemwona kwa macho yangu!"

Ryuzo alikuwa amefika, anahema, amesimama ng'ambo ya gari, uso kwa uso na mkewe. Fusae alimtazama. Alitamani amgeuzie mgongo ili asione midomo yake, lakini alikuwa amechoka hata kwa hilo.

"Hasikii, Daktari," akasema. "Siku nyingi sasa hasikii. Anayesikia ni mimi."

Midomo ya mkewe Ryuzo aliisoma kutwa kucha. Alilisoma na hilo. Alichukua bisibisi, akafungua sanduku la hewa palepale, akaingiza koleo kwenye faneli ya tatu, akatoa kitambaa chekundu kilichoshaanza kumezwa.

Daktari alikitazama. Alikuwa daktari wa meno tu, lakini alijua kilichokuwa kinamngoja. Angekanyaga mafuta hadi chini, kitambaa kingeteremka mpaka kwenye kifuniko cha hewa na kukikwamisha wazi. Kisha angefika kona ya kwanza, aondoe mguu, na gari lisipungue mwendo.

"Uzi ni wangu," Fusae alisema haraka. "Niliona umelika, nikasema kesho."

"Mkono ni wangu," alisema Ryuzo, kwa sauti kubwa mno, kiasi kwamba watu wa timu ya jirani waligeuka.

Msimamizi wa njia alikuwa anafoka. Daktari akavuta pumzi. "Fungeni. Nitaanza mwisho."

Injini ikawashwa tena. Ryuzo alisimama mahali pake, mbele kidogo ya gurudumu, kama alivyosimama kwa maisha yake yote. Daktari hakumtazama. Alipitisha macho juu ya bega lake, akamtafuta mkewe.

"Mama?"

Fusae akasikiliza. Zote nne, safi, zinaimba. Akavaa kofia. "Nzima," akasema. Ryuzo alisogea kando ili wasilazimike kutazamana juu ya bega lake.

Daktari alimaliza katikati ya wenzake, si haba kwa mtu aliyeanza wa mwisho. Wakati wa kupakia alikuja akiwa ameshavua ovaroli, akainama kwa heshima kubwa, akaongea polepole, uso ameuelekeza kwa Ryuzo. Alikuwa anajitahidi, na kule kujitahidi kwake kuliuma kuliko matusi.

"Fundi, faneli utaendelea kunitengenezea wewe. Hakuna anayezikunja kama wewe, hata baba yangu angefufuka asingenishawishi vinginevyo. Lakini injini... roho yangu iko mle, Fundi. Nina watoto."

Ryuzo aliinama, akakaa ameinama muda mrefu. "Ndiyo," alisema. "Ndivyo." Safari hii hakuwa anabahatisha.

Wakaondoka jua likiwa linateremka, barabara kavu. Fusae alikuwa amewaza mara nyingi kwamba siku mzigo huu utakapomtoka atajisikia mwepesi. Wapi! Alijisikia kama aliyemvua mumewe nguo sokoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, sawa, methali imesema kweli. Ila methali haisemi aliyesaidia kuyaficha naye anaumbukaje. Kwenye mapaja yake kulikuwa na kifurushi cha wali wa kuviringisha alioufunga asubuhi. Hakuna aliyeugusa.

Ryuzo aliendesha. Mashamba ya mpunga yakapita, yakaja maduka. Fusae akatazama mbele kwenye kioo, akasema, hata si kwake, kama alivyozoea kusema mambo yake humo garini miaka yote:

"Nimechoka, Baba."

Akangoja "mm". Alikuwa anaijua itakavyokuwa: mm, foleni itapungua mbele. Mm, Mama atakuwa ameshakula.

Haikuja. Kilichokuja ni taa ya kugeukia, tik, tik, tik. Ryuzo akaliingiza gari mbele ya duka la tambi lililofungwa, akazima injini, akafungua mkanda, akageuka mwili mzima mpaka magoti yake yakagusana na ya mkewe.

"Sikusikia," alisema. Sauti yake kubwa ilijaa gari zima. Macho yalikuwa mekundu. "Umesema kitu, mimi sikusikia. Rudia."

Fusae akamtazama. Kisha akavua kofia, akaiweka juu ya mapaja, ili uso wake uonekane wote, akarudia.