Kilomita Thelathini hadi Wujda

Murad alipopiga simu kusema mama yake amepatwa na kiharusi, Zulikha alikuwa Maghnia, upande wa Aljeria, akikanda unga. Mama huyo, Yamina, alikuwa dada mkubwa wa Zulikha, na aliolewa Wujda, upande wa Moroko. Kati yao palikuwa na kilomita thelathini tu. Lakini mpaka ulifungwa miaka mingi iliyopita, na ndege za moja kwa moja kati ya nchi hizo mbili hakuna.

"Utapitia Tunis," mumewe Lakhdar alimwambia. "Kisha Kasablanka, ndipo urudi Wujda."

"Tunis, mashariki kabisa? Si ndiyo kumpa dada mgongo huko!"

"Sasa utafanyaje, mke wangu? Utaruka ukuta?"

Zulikha hakuwa amepanda ndege maishani mwake. Alisafirishwa kwa gari hadi Oran, akaruka zaidi ya saa moja kwenda Tunis, akalala uwanjani hapo juu ya kiti cha chuma. Asubuhi akapanda ndege ya pili. Rubani alipotangaza kwamba safari itachukua karibu saa tatu, Zulikha alianza kulia. Msichana wa Kimoroko aliyekaa kando yake akamshika mkono.

"Usiogope, mama. Inatikisika kidogo tu."

"Siogopi ndege, mwanangu. Naogopa nitamkuta hayupo."

"Nani huyo?"

"Dada yangu, yuko Wujda. Mimi natoka Maghnia."

Msichana aligeuka akamtazama. Kisha akasema polepole, "Mama, Maghnia na Wujda si ni pua na mdomo?"

"Ndiyo hivyo. Taa zao tunaziona."

Msichana hakuuachia ule mkono mpaka magurudumu yalipogusa ardhi ya Kasablanka. Ikabaki saa moja ya ndege ya tatu.

Zulikha alifika Wujda alasiri ya siku ya pili, miguu imemvimba. Yamina alikuwa nyumbani kwake, amelala chali, mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea kama kitambaa. Alimtazama mdogo wake.

"Kitinda mimba," alisema kwa shida, ulimi ukimwelemea. "Siku mbili! Ulipanda kobe?"

"Nilipanda ndege tatu, dada."

"Tatu! Basi... umekuwa... waziri."

Wakacheka, na kicheko kikageuka kilio, kila mmoja akimfuta mwenzake machozi. Miaka kumi na minane walikuwa hawajaonana.

Zulikha aliingia jikoni bila kuuliza vyombo viko wapi, akapika supu ya harira, ile ya nyanya na dengu, nzito, kama alivyoipika mama yao. Akamwinua Yamina, akamwegemeza kifuani, akamlisha kijiko kwa kijiko. Tangu augue, Yamina alikuwa akikataa chakula, akifumba mdomo kama mtoto. Safari hii alimaliza bakuli, akaonyesha kwa kidole cha kushoto kwamba anataka jingine.

Murad, aliyekuwa akiwatazama mlangoni, mwanamume wa miaka arobaini mwenye ndevu, akatoka kwenda uani, akajifanya anatafuta kuni ili wasimwone akilia.