Chanzo Kilichoungua

Kazi ya kupanga marejeo haina shukrani. Mtu akiandika makala, watu husifu hoja zake. Sijasikia bado aliyesifiwa kwa kuweka nukta mahali pake baada ya mwaka. Lakini kosea uone. Mhariri hukurudishia muswada kama mtoto aliyekuja mezani bila kunawa. Claudette, mhadhiri msaidizi hapa Gisenyi, alikuwa amekwisha kurudishwa kunawa mara kadhaa. Makala yake ilihusu bei ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na jarida moja la ng'ambo lilikuwa limeikubali kwa sharti kwamba marejeo yarekebishwe kabla ya Jumatatu.

Jumamosi hiyo alihamia na kompyuta yake barazani kwa baba yake, mtaa wa Nengo. Jarida lilitaka jina la ukoo kwanza, kisha herufi ya jina la ubatizo. Claudette alicheka peke yake. Aliyetunga kanuni hiyo hakujua kwamba kwetu baba ana jina lake na kila mtoto ana lake, na ukoo hauonekani popote. Ndiyo maana hakuna msomaji ambaye angetambua kuwa rejeo la kumi na nne, Gakwaya, P., alikuwa baba mzazi wa mwandishi.

Kando ya rejeo hilo mhariri alikuwa ameandika: "Hiki hakipatikani. Taja maktaba kinakohifadhiwa, au kiondoe."

Kingepatikana wapi? Ilikuwa tasnifu ya mzee Gakwaya, mémoire kama alivyoiita mwenyewe, aliyoiandika Goma, ng'ambo ya mpaka, enzi za ujana wake. Nakala moja aliiacha chuoni, ya pili aliiweka kabatini nyumbani. Mwaka 2002 volkano ilipotapika moto, zote mbili zilikwenda. Familia ilivuka mpaka na godoro na sufuria, ikabaki Gisenyi moja kwa moja.

Na mzee alikuwa amekwisha kutangaza. Parokia nzima ilijua kwamba jina lake litatoka kwenye orodha ya wataalamu, ng'ambo huko. Mtu mwenye digrii iliyoungua hana cha kuonyesha isipokuwa mdomo wake, na wa kwake ulikuwa umechoka kutosadikiwa. Claudette alilijua hilo, na moyo ulimuuma.

"Papa," akasema, "wanauliza mémoire yako iko wapi."

Mzee alikuwa akikoroga chai. "Waambie iko Goma."

"Goma wapi?"

"Ku bibliothèque. Nani atavuka frontière juu ya kuangalia? Na akivuka, atakuta mawe." Akacheka hadi chai ikamwagika kwenye kisahani.

Claudette hakucheka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo aliiona ndefu ya kutosha kumfikisha Jumatatu. Maktaba ilikuwapo kweli, kitabu kilikuwamo kweli. Uongo ulikuwa katika wakati tu, kwamba kipo mahali ambapo kilikuwapo. Akaandika jina la maktaba.

Kisha akalitazama, likamkaa vibaya machoni.

"Iko njia ingine," akasema. "Inaitwa mawasiliano binafsi. Unaniambia mwenyewe, mi naandika ndani ya makala kwamba Gakwaya ameniambia, we ni nani, na ni siku gani. Lakini ku liste huingii."

Mzee aliweka kikombe chini. "Maneno ya mudomo? Kama mutu wa soko? Apana, Claudette. Mi ni licencié, mutu wa digrii. Mi niliandika."

"Sawa, papa. Basi tumalize hii. Maneno niliyonukuu yalikuwa ukurasa gani?"

"Maneno gani?"

Claudette akayasoma kwa sauti: "Siku ziwa likinyima, muuzaji hapandishi bei, hupunguza fungu. Mteja aliyefukuzwa na bei harudi, lakini aliyepunguziwa fungu huelewa." Ndiyo sentensi iliyobeba makala yote. Aliijua tangu utotoni, na alipoanza utafiti aliiandika kuwa ya tasnifu ile bila hata kumuuliza mtu, kama vile mtu asivyouliza jina la mama yake.

"Soma tena," alisema mzee.

Akasoma tena.

"Ile sikuandika," alisema mzee.

"Papa, niliisikia kwako."

"Kwangu, ndiyo. Kwa mémoire, apana. Mule niliandika kinyume. Samaki ikipungua, bei inapanda, muuzaji anapata faida. Ndivyo professeur alitufundisha. Na walinipa distinction, alama ya juu." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mwiba wa samaki. "Kama moto haungekula ile kitabu, wangeifungua na kuona baba yako anakupinga."

Claudette alishika kichwa. Miezi yote ile alikuwa amemnukuu baba yake kwa kitu alichokikanusha kwa maandishi, na volkano ndiyo iliyomfichia aibu.

"Basi ulijifunza wapi?"

Nyumbani kwao kulikuwa na miaka isiyotajwa. Claudette alikumbuka koti la baba lililokuwa likining'inizwa nje usiku, lisilale ndani kwa sababu ya harufu. Alikumbuka beseni. Watu walipouliza, jibu lilikuwa "papa yuko kwenye biashara," na mazungumzo yaliishia hapo.

"Tulipofika hapa, kazi haikuwa," mzee alianza. "Niliuza sambaza ku soko. Siku ya kwanza samaki ilipopungua nikapandisha bei, sawa na kitabu yangu. Wateja waliniangalia, wakaenda. Jioni nikarudi na beseni imejaa. Tulikula sambaza mpaka we ukalia." Akajifuta mdomo, ingawa haukuwa na kitu. "Siku ingine nikaacha bei, nikapunguza fungu. Wakanung'unika kidogo, wakanunua. Wakarudi. Ile ndiyo nilikuwa nasema ku meza, na we ukashika."

Mficha uchi hazai, lakini kuufunua mbele ya mtoto wako si kazi nyepesi, na uso wa mzee ulionyesha gharama yake. Claudette alitamani kumshika mkono. Hawakuzoea hivyo, kwa hiyo akafanya alichoweza. Alilifuta jina la maktaba. Halafu akalifuta rejeo lote la kumi na nne, jina, mwaka, Goma na kila kitu, na orodha ikajipanga upya yenyewe bila kumuuliza mtu. Machozi yalimlenga.

"Sema tena, papa. Polepole. Naandika leo."

Mzee akasema tena. Haikutoka laini kama vile Claudette alivyokuwa ameipiga msasa miaka yote. Ilikuwa na "donc" mbili, zile "kwa hiyo" za Kifaransa, katikati, na mwisho wake ulikuwa tofauti kidogo. Aliiandika hivyo hivyo, akamsomea. Mzee akamsahihisha mahali pamoja, akaitikia kwa kichwa kuwa sasa sawa.

"Kanuni inataka niseme we ni nani," alisema Claudette, vidole juu ya kibodi. "Naweza kuweka licencié."

Mzee alitazama mikono yake.

"Licencié alikosea," akasema. "Weka muuza sambaza."

Akaandika. Gakwaya, muuza sambaza wa zamani, Gisenyi, mawasiliano binafsi, na tarehe ya siku hiyo.

"Na ku liste?"

"Ku liste haumo, papa."

"Hata chini kabisa?"

"Hata chini."

Alilipokea jibu hilo kwa uzito wake, na ilikuwa dhahiri kuwa lilimchoma. Baadaye akavuta kikombe chake cha chai iliyokwisha kupoa.

"Bon. Wale wa ku liste, mutu anawatafuta ndani ya vitabu. Mi niko hapa. Mwenye shaka aje Nengo aniulize." Akanywa funda moja. "Ila waambie wasikawie."