Macho ya Kijiti

"Bamama, tufumbe macho," yule animatrice, mwenye kutuongoza, alisema, na bamama ishirini wakafumba. Mimi sikufumba.

Tulikuwa tumekaa duara ndani ya kanisa letu hapa Baraka, saa tatu ya asubuhi, viatu tumevua, mikono juu ya mapaja kama watoto wanaongoja kukaguliwa kucha. Clarisse, ndilo jina lake, alitoka Bukavu na shirika moja lililokuja kutuliza mioyo ya watu walioumizwa na vita. Binti mpole, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto wa homa. Aliweka simu yake juu ya kiti, ikaanza kutoa mlio wa maji: shwaa, shwaa. Ziwa lenyewe lilikuwa nyuma ya ukuta, hatua mia mbili, likipiga mchanga wake tangu Mungu alipoliweka pale. Sisi tulisikilizishwa maji ya simu.

"Vuta pumzi pole pole," alisema. "Ukuwe hapa. Hapana jana, hapana kesho. Mawazo ikikuja, usipigane nayo. Iache ipite kama mutumbwi."

Inamahoro, jirani yangu aliyekimbia Burundi, alinigusa kwa kiwiko bila kufumbua macho. "Mama Gentille, hata Mungu anajua we uko unachungulia."

"Anichungulie na yeye."

Nina sababu. Jacques, bwana yangu, alilala hospitali siku tisa, tumbo gumu kama ngoma. Siku ya tisa pumzi yake ikawa fupi. Mtu mmoja wa koti jeupe alipita akaniambia, "Tulia, mama, omba." Nikatulia. Nikafumba macho, nikaomba kwa maneno mengi na mazuri, maana baba yangu alikuwa katekista na maneno hayo aliniachia. Nilipofumbua, Jacques alikuwa ameisha kwenda. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo, kama mtu aliyeanza kuniita jina akaona nina shughuli.

Vidole vyangu ndivyo vilivyomfumba macho. Tangu siku ile naomba macho wazi. Wazee wa kanisa walinikemea. Niliwajibu kwamba Bwana alipowakuta wanafunzi wake wamelala bustanini usiku ule, kosa lao halikuwa kukesha. Waliniacha.

Na tangu siku ile neno tulia silipendi. Niliambiwa tulia kwenye matanga. Niliambiwa tulia kwenye kizuizi cha njia ya Fizi, na mwenye kusema alikuwa ameshika kuku wangu kwa miguu. Sijasikia hata mara moja mwenye kunyang'anya akiambiwa tulia. Neno hilo hupewa aliyenyang'anywa, kama ndilo badala ya kitu chake.

Basi nilikuwa nimekaa pale, natazama dirisha, na dirisha la kanisa linatazama parsele yangu, kiwanja changu, ng'ambo ya barabara. Nikamwona Darius.

Darius ni mdogo wake Jacques, tumbo moja. Alikuwa na wanaume wawili, kamba ndefu, na mzigo wa vijiti vibichi. Alivuta kamba kati ya nyumba na jiko langu. Upande wa nyumba aliniachia nafasi ya kuanika kitenge kimoja. Jiko, mihogo na michikichi minne aliyopanda Jacques vilibaki upande wake. Kisha akachomeka kijiti cha kwanza.

Kwetu mpaka si karatasi. Karatasi zetu zimeungua, zingine zimekimbia na wenyewe na hazikurudi. Mpaka ni kijiti cha mti wa utomvu. Ukikichomeka kikatoa majani, hakuna mkono unaokigusa tena, kimekuwa shahidi. Na mvua ilikuwa imeanza juma lile. Wiki mbili, tatu, na jiko langu lingekuwa la Darius.

Nilisimama. Clarisse akafumbua macho. "Mama, tulia. Iache ipite."

"Haipiti, binti yangu. Iko inachimba mashimo."

Nilivuka barabara bila viatu. Clarisse alikuwa ametuambia tusikie nyayo zetu chini, na kweli nilizisikia: kokoto, tope, kokoto, ganda la muwa. Hasira ilikuwa imenijaa hadi kwenye meno.

"Shemeki," nikasema, "uko unafanya nini?"

"Ah, Mama Gentille. Karibu."

Alinikaribisha kwangu.

"Nimeuliza."

"Tulia, shemeki. Hii ni mambo ya famille. Jacques mwenyewe alinionyesha mupaka mbele ya kufa."

"Siku gani? Siku tisa za hospitali mi nilikuwa pale. Sikukuona hata na chungwa moja."

Wale wanaume wawili wakatazama kamba yao. Darius akacheka kwa pua. "We ulikuja hapa na mukeka tu, mama. Mukeka utarudi nao."

Majirani walikuwa wameanza kutokeza juu ya nyua. Kilio kilinifika kooni, kikubwa, kile kinachopasua kitambaa cha kichwa, na hapo nikaona uso wa Darius: alikuwa anakingoja. Mjane anayepiga kelele ameshindwa kesi kabla ya shefu wa mtaa kufika. Watasema kifo kilimharibu kichwa, apelekwe kwa ndugu zake Kilembwe apumzike.

Nikavuta pumzi. Ile ile ya Clarisse, pole pole, hadi chini ya mbavu. Sikuivuta ili nitulie. Niliivuta ili nione. Nikainama kwenye kijiti cha kwanza, nikakitazama hicho tu, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Ganda lake la kijivu. Utomvu mweupe kwenye jeraha la panga. Macho yake, vile vivimbe ambamo majani hutokea.

Nikaenda kwa cha pili. Nikaenda kwa cha tatu.

Nilipofika cha mwisho nikamwambia mtoto wa jirani, Fanny, "Kimbia uniitie Papa Élie."

Papa Élie ndiye shefu wa avenyu yetu. Alikuja na taulo shingoni na sabuni sikioni, amekatizwa kuoga, hana furaha. Nyuma yake bamama wote wa duara walikuwa wametoka kanisani, miguu wazi, na Clarisse katikati yao ameshika simu ambayo bado inalia maji.

"Papa Élie," nikasema, "mumuulize huyu nani alimufundisha kupanda mupaka."

"Jacques," Darius alijibu mbio. "Kila mutu anajua. Tulipanda pamoja tangu batoto."

"Basi, Papa, inama. Angalia macho ya kijiti."

Shefu akainama. Akakaa chini muda mrefu, akagusa kivimbe kimoja kwa kidole cha sabuni, kisha kingine. Macho yote ya vijiti yalitazama chini. Darius, aliyekuwa akiuza simu Uvira tangu ndevu za kwanza, alikuwa amevichomeka vijiti vyote kichwa chini.

"Darius," Papa Élie alisema akijinyoosha, "hii miti yako itatoa majani kule kwa shetani."

Watu walicheka. Mimi sikucheka; sikuwa na nafasi ya kicheko mdomoni.

"Jacques alipanda nusu ya mipaka ya hii avenyu," shefu akaendelea. "Sikuona hata moja inasimama na kichwa. Kama yeye ndiye alikuonyesha, basi alikuonyesha kisha kufa. Hii kamba, kunja. Maneno ya famille mutaleta kwangu, mchana, na huyu mama akiwa."

Niliving'oa mwenyewe, kimoja kimoja. Nilimpa Darius mzigo wake, nikabaki na kijiti kimoja.

Clarisse alinifuata hadi jikoni. Alifungua daftari, akauliza kwa sauti yake ileile, "Mama, mule ndani ya mwili ulisikia nini?"

"Miguu," nikasema. "Na kuua."

Hakuandika.

Maneno hayajaisha. Darius anakuja bado na wajomba wapya, na Jumapili anaketi mstari wa mbele, amefumba macho vizuri kuliko sisi sote. Naomba niondolewe hasira, na kila mara nafika nusu ya ombi nakumbuka lile "Karibu" lake, nasimama hapo. Mungu anajua nilipoishia.

Baada ya wiki tatu tulikaa tena duara. Clarisse hakuwasha simu. Alifungua dirisha, tukasikia ziwa. Akasema, "Mwenye anataka, afumbe macho. Mwenye anataka, aangalie." Hakunitazama alipoyasema.

Inamahoro alifumba. Baada ya kidogo kichwa chake kikaanguka begani kwangu, akakoroma, yeye ambaye hajalala vema tangu alipovuka mto Ruzizi. Sikumwamsha. Nilikaa macho kwa ajili ya wawili.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kona ya parsele yangu, pale penye mpaka wa kweli, kijiti kile nilichobaki nacho kilikuwa kimesimama wima, macho juu. Nilikitazama hadi mwisho wa saa. Kilikuwa na jani moja, na lingine linafumbuka.