Mjumbe wa Sindano ya Nne

"Ehem! Ehem!"

Kikohozi kilitangulia mlangoni, mwenyewe bado hajaonekana, wala hakikuwa kikohozi cha kifua. Ogola alikijua. Alivaa shati haraka, akateremsha macho sakafuni, ndipo mama mkwe wake, Nabututu, akaingia na kusimama kando ya jiko, amempa kisogo. Mjukuu wake, Dorca, alikuwa mgongoni, amefungwa kwa leso mbili, moja juu ya nyingine.

Ndivyo walivyoishi hapo Nyamasaria tangu Nelima, mke wa Ogola, apate kazi ya upishi Bondo, na mamake kuja kutoka Port Victoria kumlea mtoto. Nabututu alilala kwa jirani, Mama Lornah, maana mkwe na mama mkwe hawalali chini ya bati moja. Salamu walipeana, macho chini. Lakini kubishana ana kwa ana? Mwiko! Neno zito lilipitia kwa mtoto.

"Dorca," Nabututu alisema, "mwambie baba yako leo hatuendi kliniki."

"Baba, kiniki hapana!" Dorca alitangaza kwa furaha.

"Mwambie kukhu, nyanya yako, leo ni sindano ya nne ya malaria, ya mwisho. Zile tatu tukiziacha hapo, si tumejenga geti bila komeo?" Ogola alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, na kwake kila jambo la dunia lilikuwa geti.

"Kukhu, geti!"

"Mwambie tatu zinatosha. Mtoto si chujio la kutobolewatobolewa."

"Mwambie kukhu watoto wa ploti hii wamelazwa na malaria mmoja baada ya mwingine. Wewe uliyechanjwa uliumwa kidogo tu, ukaamka ukaitisha uji."

"Uji!" Dorca alidakia, na hapo ujumbe ukaharibika. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini hawakusema hachoki. Dorca alilaza shavu mgongoni mwa nyanya yake, akasinzia.

Wakabaki wawili, na hasira ya Ogola katikati yao. Angemchukua mtoto aende naye mwenyewe. Lakini mafundo ya leso yalikuwa kifuani mwa mama mkwe, na hakuna mkono wa mkwe unaothubutu kufika huko. Mama huyu alijua alichofanya alipofunga leso mbili! Pamoja na hasira zake, Ogola nusura acheke.

Kisha Nabututu akaligeukia jiko.

"Wewe jiko," alisema polepole, "ulikuwepo jioni ile, baada ya sindano ya tatu. Mwenye nyumba hii, baba wa mtoto, alikuwa Siaya kufunga mageti. Mtoto akawaka moto, akatetemeka, macho juu. Nilimbeba mbio hadi kliniki, matope hadi magotini. Wakasema ni homa ya chanjo, itapita. Ikapita. Lakini niliporudi, wanawake pale mferejini walikuwa wanasema, 'Huyu nyanya amekuja kuua mtoto wa wenyewe.' Na mwenye nyumba aliporudi, akatuma mtu aniulize: mtoto alilishwa nini?"

Alikaza fundo la leso ya juu.

"Sindano siichukii. Malaria imenizikia wawili. Lakini huyu akizimikia mikononi mwangu, jiko, mimi nitarudi kwetu na uso gani?"

Ogola naye aliligeukia jiko. Muda wote huo alidhani anapambana na ukaidi wa mama mzee. Kumbe ni lile swali alilolituma yeye mwenyewe lililokuwa limefunga leso ya pili.

"Jiko," alisema, "mwambie Mama twende pamoja. Mimi nitatangulia."

Akashika njia ya mlangoni. Nyuma yake alisikia viatu vikivaliwa.

Alitangulia mbali kidogo, kama adabu inavyotaka. Kwenye uwanja wa kliniki benchi lilijaa wanawake na watoto wao, Mama Lornah akiwa wa kwanza kuwaona.

"Haiya! Ogola, leo umekuja kunyonyesha?"

Benchi zima likaangua kicheko.

"Na wewe, Mama Nelima," mwingine akadakia, "umemleta tena? Hukukoma?"

Nabututu alisimama langoni. Mkono wake ulishika fundo la leso, na mguu mmoja ukarudi nyuma.

Ogola aliuona mguu ule. Hapo hapakuwa na jiko, na mjumbe alikuwa bado anakoroma. Basi akarudi hadi langoni, akapiga goti kwenye kokoto, macho chini, akainua sauti mpaka kicheko kikakatika.

"Mama, hawa wote wanasikia. Ni mimi babake niliyesema Dorca achanjwe. Joto likipanda, litampandia mikononi mwangu, si mwako. Leo siendi kazini, na kesho siendi. Na mtu akitaka kujua mtoto amepatwa na nini, hatakuuliza wewe, ataniuliza mimi. Nakuahidi, Mama."

Nabututu alifungua fundo la leso ya juu, akaingia langoni.